Tulale: Wimbo wa Ireland Katika Misiba ya Chiwanda

Tarehe 9 Desemba 1987, kwenye sherehe za Uhuru, Otilia Nombo aliongoza kwa mara ya kwanza kikundi cha kioda, ngoma ya wanawake, hapa Chiwanda, kando ya Ziwa Nyasa. Bado anakiongoza. Wimbo unaokipa kikundi hicho jina hadi kijiji cha Lipingo ni wa watu wa Ireland.

Uliletwa na kaseti aliyoiacha nesi wa huko alipomaliza kazi yake zahanatini. Kiliani, mume wa Otilia, alikuwa mpigaji wa mganda, ngoma ya wanaume inayotumia vibuyu vilivyozibwa kwa utando wa buibui ili sauti ivume. Aliposikia zumari za kwenye kaseti alisema, "Kumbe hawa nao wana vibuyu." Kiitikio kilikuwa cha kunogesha tu, *turale, turale*, kisicho na maana hata kwa wenyewe. Chiwanda, ambako r na l hazigombani, kilisikika *tulale*. Wanakikundi wakaupunguza mwendo, wakauimba misibani.

Kiliani alifariki mwaka jana. Jumamosi hii kaburi lake linabarikiwa, na Otilia anataka jambo moja: Tulale uimbwe.

Aliyepinga ni Pankras, katekista, mdogo wa marehemu. Alikuwa ameona kwenye simu habari za bendi iliyoimba kwenye kaseti ile: vijana wanne walioanzia baa ya wavuvi, wakajaza kumbi hadi Marekani, kisha wakatengana. Wamebaki wawili, wazee sasa, na bendi za vijana wa kwao bado zinapiga nyimbo zao. Wimbo wenyewe unamhusu mlevi anayekataa kurudi nyumbani kulala.

"Shemeji, ule ni wimbo wa pombe," alimwambia Otilia Jumapili, nje ya kanisa.

"Miaka yote hii umeuitikia. Ulilewa lini?"

Wanakikundi wakacheka. Pankras hakucheka. "Nilikuwa sijui. Sasa najua, na padri atauliza."

"Mwambie mlevi wao alikataa kulala. Wetu wamelala."

"Usinichezee, shemeji."

"Sikuchezei. Mama yenu tulimzika kwa wimbo gani? Kamfukue basi, tumwimbie mwingine."

Pankras akatazama upande wa makaburi. Siku ile ya mama yake, yeye ndiye aliyeomba wimbo urudiwe.

"Kanisani hapana," alisema mwishowe. "Kaburini, baraka zikishaisha. Nami niwe nimeshavua kanzu."

"Ukishavua utasimama tu kama nguzo?"

"Nitapiga ngoma. Aliyefundishwa na kaka ni nani mwingine hapa?"

Otilia hakumshukuru. Aliwaambia wenzake waje mazoezini Alhamisi, na kwamba katekista naye atakuja, maana mkono wake wa kushoto huwa unautangulia mdundo.

Misa ni Jumamosi, saa nne asubuhi. Wimbo utaimbwa kaburini, padri akishamaliza.