Gari Ambalo Kila Mtu Alisema Analitaka

Kwa miaka mingi nimekana jambo moja, mwanangu, hata mbele ya wanafunzi wangu wa chuo kikuu: kwamba siku ile kijijini kwetu Karuba, Kongo, niliposimama mbele ya watu nikalisifu lori alilotaka kununua baba yangu mdogo, mwenyewe nilikuwa naliogopa. Nililiogopa kuliko fahali wa jirani. Nakuambia leo kwa sababu nawasikia wewe na wenzako mkibishana kuhusu magari ya umeme. Mmoja anasema kila mtu anayataka, mwingine anasema hakuna atakayeyanunua, na nyote mnapiga kelele kama sisi miaka ile ya hamsini, Wabelgiji wakiwa bado wanatutawala.

Siku yenyewe bado ninayo kichwani. Kwetu tulikuwa wafugaji. Kila asubuhi wanawake walibeba maziwa kichwani mpaka Mushaki, kwa mzungu mmoja aliyetengeneza jibini. Baba mdogo, Papa Gasore, akasikia kwamba mjini Goma kuna lori kuukuu linauzwa, akaona atawabebea watu maziwa hayo kwa malipo. Bei yake ilikuwa ng'ombe wetu wote, wale waliotulisha na kunisomesha kwa masista. Mnunuzi wa ng'ombe alikuwa amekwisha kufika, akalala kwa jirani. Mwenye lori alitaka jibu kwa simu Jumatatu.

Basi Jumapili, watu walipotoka misa, Gasore akapanda juu ya jiwe.

"Ndugu zangu, munataka gari ao hamutaki?"

"Tunataka!" vijana wakaitika.

Papa Bauma, mkulima wa maharage mwenye maneno makali, akasogea mbele. "Na mvua ikinyesha? Gari itakwama pale mulimani, kuku zitaingia kutagia mule ndani."

"Papa Bauma, wewe hata baiskeli unaogopa!"

"Naogopa, njo vile. Lakini baiskeli haikumaliza ng'ombe za muntu."

Hapo wakachachamaa. Petroli itatoka wapi? Nani atalitengeneza likiharibika? Wawili walishikana mashati, katekista akawaachanisha. Gasore akanitazama. "Musomi wetu aseme." Nikasema! Nilichomeka neno "progrès", yaani maendeleo kwa Kifaransa, kila mahali, kama mpishi aliyeangusha chumvi. Mwenyewe naliogopa, nawaambia watu wasiogope. Wanawake wakapiga makofi: "Iko muzuri! Tunataka!" Uso wa baba mdogo ukang'aa, na ng'ombe wetu wakawa wameuzwa, imebaki kamba tu.

Jioni nilimkuta shangazi Domitila, dada yake Gasore, akifukiza moshi ndani ya vyombo vyake vya mti vya maziwa. Nikajigamba kwamba hata yeye alipiga makofi.

"Nilipiga," akasema. "Iko ndugu yangu. Nimupatishe haya mbele ya watu?"

"Basi maziwa yako utaweka mu gari?"

"Mu bidoni ile moja, pamoja na ya watu wote? Hapana. Mimi nitabeba kichwani."

Kwetu, mwanangu, maziwa ya zizi moja hayakuchanganywa na ya zizi lingine. Tuliamini ugonjwa wa ng'ombe wa jirani ungekufuata nyumbani. Gasore hakuwahi kubeba maziwa hata siku moja. Alikuwa ameandaa bidoni moja, pipa kubwa la bati, kila mtu amwage humo. Na kumkatalia mtu usoni, hadharani, kwetu lilikuwa tusi. Uliitikia vizuri, kisha hukutokea.

"Na wale wengine?" nikauliza.

"Wee mutoto! Muliuliza kama tunapenda gari. Nani hapendi gari? Hata mimi naipenda, ikipita. Mungeuliza kesho tutamwanga maziwa wapi."

Alfajiri nilimkimbilia Gasore zizini. Mnunuzi alikuwa amekwisha kufunga kamba shingo ya ng'ombe wa kwanza. Nilipomweleza, baba mdogo alinitolea macho. "Na jana ulisema nini, wewe?" Nikamwonyesha njia, wanawake wakipita na vyombo vyao.

Akaenda kusimama katikati ya njia. "Mama, gari ikikuja, utamwanga maziwa yako mu bidoni yangu?"

Wa kwanza akatazama chini. Wa pili akacheka kwa adabu: "Papa Gasore, gari yako iko muzuri sana," akapita. Wa tatu naye akalisifu, akapita. Hakuna aliyelikataa lori lile, wala hakuna aliyesema atamwaga. Nyuma yetu mnunuzi aliita, "Basi, twende ao hatuende?"

"Ngoja," Gasore akasema. Tukashuka mpaka Mushaki, kwenye ofisi ya shamba la mzungu, ambako karani alimpigia simu mwenye lori. Sauti ya mwenye lori ilivuma kama nyuki koponi. Baba mdogo alifumba macho. Nadhani kutoiona sura ya yule mtu kulimsaidia.

"Hapana, bwana. Ng'ombe siuzi." Akasikiliza. "Ndiyo, wanaipenda. Wanaipenda sana! Lakini hakuna mwenye ataipakia."

Akarudisha simu. Tuliporudi zizini, aliifungua mwenyewe ile kamba shingoni mwa ng'ombe.

Magari yalikuja baadaye, yakiwa na mbao za kusimamishia chombo cha kila nyumba, na wanawake wale wale wakayapakia. Kwa hiyo, mwanangu, anayelisifu gari la umeme usimwite mnafiki, na asiyelinunua usimwite mshamba. Kaa naye nyumbani kwake, mbali na makofi, umuulize kesho asubuhi atalifanyia nini. Kuna sababu ndogo anayoona haya kuitaja. Itafute hiyo kabla hujauza chochote. Na kabla hujawahimiza watu kupanda, jiulize kama wewe mwenyewe utapanda.

Mungu akulinde, akuzidishie, na akupe watu wa kukuambia hapana ungali na ng'ombe wako.