Nikeli na Bati Katika Silanga ya Mbinya

Kabla hajaokoka, Mbinya alikuwa mwongo wa kutegemewa. Ukitaka mgeni aambiwe kwamba umesafiri, nawe umejificha nyuma ya ghala, ulimwita Mbinya. Alizaliwa upande wa Mbumbuni, akaolewa huku Mutomo, na siku aliyoletwa aliwaambia wakwe zake kwamba daktari amemkataza kubeba kuni. Akabebewa kuni mwaka mzima.

Kisha ukaja mkutano wa injili. Mbinya akasimama mbele ya hema lote, akatubu kila uongo aliousema, ule wa kuni pamoja na mingine ambayo mumewe, Mulei, angependa aiungame nyumbani. Tangu siku ile hakutamka neno lisilo la kweli, na kijiji kikapata taabu. Alimwambia bibi arusi mlangoni mwa kanisa kwamba gauni limembana. Alimwambia Mchungaji Mwangangi kwamba mahubiri yake huisha kabla mwenyewe hajanyamaza.

Mwaka wa sabini na tisa alikuwa ndiye mwenyekiti wa mwethya, kikundi cha akina mama cha kusaidiana kazi. Walikuwa wakichimba silanga bondeni, bwawa la kukinga maji ya mvua, kwa sababu mto wa mchanga walikochota maji ulikuwa mbali mno, hata punda waliijua njia na kuikataa. Wanaume walikuwa na kazi nyingine. Walikaa madukani wakicheza drafti kwa vifuniko vya soda, wakijadili bomba ambalo mheshimiwa aliwaahidi uchaguzi hadi uchaguzi. Bomba hilo lilishajadiliwa sana kiasi kwamba wengine walibishana kuhusu ladha ya maji yake.

Mwaka uliotangulia mvua ilikuta ukuta wa silanga haujafika kiunoni, ikaubeba wote kwa alasiri moja. Sasa wanawake walikuwa wamesema wazi: mvua ya Novemba ikiukuta ukuta tena mfupi, hakuna atakayeshika jembe mara ya tatu. Mbinya aliwajua. Hawakuwa wakitisha.

Na hapo ndipo walipofikia mwamba. Ulikuwa wa kijani kibichi, wa kuteleza kama sabuni, na sururu zilidunda juu yake. Wakiwa wanautazama kwa hasira akatokea kijana aitwaye Ng'ang'a, mtaalamu wa mawe aliyetumwa kupima milima ya huko. Alikuwa na nyundo ndogo na kioo cha kukuzia. Aliupigia magoti ule mwamba hadi akina mama wakadhani anasali, akavunja vipande, akaenda navyo Nairobi.

Alirudi mwezi wa tisa, macho yakimng'aa kama mtu aliyepata mtoto. Alimweleza Mbinya kwamba ndani ya vile vipande mna chembe za metali, ndogo kuliko vumbi la unga, zenye rangi ya shaba iliyofifia, zisizopitisha mwanga, zinazong'aa kama chuma kilichosuguliwa. Ni nikeli na bati zilizoungana zenyewe, bila mhunzi. Jambo hilo ni adimu mno. Kwa kawaida nikeli ikiwa ardhini hukimbilia salfa, na bati hukimbilia oksijeni. Lakini katika mawe ya kijani ya aina hii, kuna mahali ambapo salfa ni haba na oksijeni ni haba, na hapo hizo mbili hukutana.

Mbinya alifikiri kidogo. Akauliza kama ni sawa na kusema kwamba kila mmoja alikosa mchumba wake, wakaoana wenyewe kwa wenyewe. Ng'ang'a akasema chuoni hawakumweleza vizuri hivyo.

"Na ni mali?" Mbinya akauliza.

"Mama, usiwape watu matumaini. Zote zilizomo katika mlima huu hazijazi kijiko cha chai. Chimbeni maji yenu. Mimi vipande nilivyo navyo vinanitosha."

Jioni hiyo Mbinya alipita madukani, na alipoulizwa yule kijana alitaka nini, akasema yote: nikeli, bati, uadimu, udogo, na kile kijiko. Akaongeza kwamba hakuna utajiri wowote. Wacheza drafti wakatazamana.

Muthama, bingwa wao, alisubiri mpaka mama huyo aondoke. Kisha akawaeleza wenzake jinsi mambo yalivyo. Kwanza, dawa ya daktari nayo hupimwa kwa kijiko cha chai, na mnajua bei yake. Pili, serikali haiwezi kumtuma mtu mara mbili kwa ajili ya jiwe lisilo na kitu. Tatu, huyu Mbinya amesema ukweli mdogo mdogo miaka yote hii ili tumwamini siku atakapotudanganya jambo kubwa.

Kesho yake asubuhi wanaume walikuwa bondeni, na majembe ambayo wake zao walikuwa hawajayaona mikononi mwao tangu nchi ipate uhuru.

Mbinya alisimama juu ya ukuta, akarudia yote tangu mwanzo. Kadiri alivyosisitiza kwamba hamna kitu, ndivyo walivyochimba kwa nguvu. Walimuuliza tu mahali yule kijana alipovunja vipande. Akawaonyesha, maana ndipo alipovunja. Wakauliza udongo waumwage wapi. Akasema ukutani, na ulikuwa ukweli pia. Mulei mwenyewe alikuwa humo shimoni, akijificha nyuma ya mgongo wa jirani.

"Wewe Mulei nimekueleza hata kitandani," mkewe akamwambia.

"Ulinieleza," akajibu, na kuinama tena.

Ukuta ulipanda. Lakini Mbinya hakulala vizuri. Aliona kwamba amerudi kuwa mwongo, tena mkubwa kuliko zamani, kwa kutumia maneno ya kweli. Akaenda kumwona mchungaji, akamwambia yuko tayari kuisimamisha kazi, mvua ije ibebe ukuta, kuliko kuibeba dhambi hiyo. Mchungaji akamwagiza atangaze Jumapili, mbele ya kanisa zima, asifiche hata neno. Mbinya akatangaza. Alieleza mpaka habari ya salfa. Alilia kidogo.

Jumatatu walikuja wanaume kutoka vijiji vya jirani. Hata Mchungaji Mwangangi alikuwepo, kakunja suruali, jembe begani. Alisema amekuja kuwatia watu moyo. Aliwatia moyo kutoka ndani ya shimo, kwenye pembe yake, mpaka jua likazama.

Waliuvunja ule mwamba kwa sururu na kwa moto, wakachimba chini kuliko mwethya ilivyowahi kuota, na ukuta ukamzidi mtu mrefu. Hakuna aliyepata kitu cha kuonekana kwa jicho. Kila mmoja aliamini mwenzake amepata na kuficha, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kubaki nyumbani.

Mvua ilianza Novemba, adhuhuri, na haikupumzika. Kulipokucha silanga ilikuwa imejaa hadi ukingoni, nyekundu na pana, na ukuta umesimama kimya. Akina mama walivua viatu wakaingia hadi magotini. Wanaume walijipanga juu wakiyatazama maji kama watu waliofungiwa duka.

Muthama ndiye aliyekuja kwa Mbinya, amekunja uso.

"Mama, mali yetu iko chini ya haya maji. Tunataka yatolewe."

"Nilikwambia hakuna mali."

"Ulisema. Yatolewe."

Mbinya alitafuta ndani ya moyo wake neno la uongo la kumjibu, na kwa furaha yake hakuhitaji hata moja. Akamkabidhi debe lake.

"Basi yatoe. Ila usiyamwage hapa, yatarudi humo humo. Yapeleke mbali. Kwako ni mbali kiasi cha kutosha."

Muthama aliutafuta ujanja katika maneno hayo, asiuone. Akachota, akaliweka debe begani, akaanza kupanda kuelekea kwake, ambako mkewe, Nzilani, alisimama mlangoni akiwa haamini macho yake. Nyuma ya Muthama, mmoja mmoja, wanaume wengine walikuwa wakiomba madebe.