Mifuniko ya Visima

Harufu ya maranda ya mti wa mgrevilea ni tamu kidogo, kama uji uliopoa, na nilipokuwa mdogo ndiyo iliyoniamsha kabla ya jogoo wa jirani. Karakana ya baba ilikuwa kibanda cha nguzo nne kando ya nyumba yetu huko Kibimba, wilayani Ngara, na upepo wa asubuhi ukipanda kutoka bondeni uliileta harufu hiyo hadi kitandani. Mwaka niliokuwa darasa la tano ilianza kupungua, kisha ikatoweka kabisa. Mafundi wa kuchomelea walikuwa wamefika Ngara mjini na milango yao ya chuma, viti vya plastiki vilishushwa kutoka kwenye malori kila siku ya gulio, na watu walioahidi kumpa baba kazi ya vitanda wakawa wanapita njia ya juu ili wasikutane naye. Randa yake ilikaa mezani mpaka buibui akatanda utando kati ya mpini na nguzo. Mama aliufagia. Kesho yake ukawapo tena.

Tuliishi na bibi, mama yake baba, mwanamke mwepesi wa kukasirika na mwepesi zaidi wa kucheka. Kihangaza, lugha yetu, alikisema vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia, lakini Kiswahili kwake kilikuwa lugha ya ofisini na ya mahubiri ya padri mgeni. Hata hivyo hakukubali kuikosa taarifa ya habari ya jioni ya redio ya kwetu. Saa kumi na moja, jua likiwa bado juu ya migomba, aliketi mkekani akichambua maharage, redio imeegemezwa kwenye kinu, nami ubavuni pake nikimtafsiria. Msomaji alisoma haraka, mimi nilichelewa, na bibi hakuwa na subira na yeyote kati yetu. Wakisema wananchi wametakiwa kuchimba vyoo, aliuliza sururu ziko kwa nani. Wakisema shule fulani imepata bustani, aliuliza nani ataimwagilia wakati wa likizo. Mimi niliona ni ubishi wa uzee tu.

Baba alikuwa ameamua kwenda machimboni. Rafiki yake alikuwa akichimba dhahabu huko mbele ya Biharamulo, na alimtumia salamu kwamba mtu mwenye nguvu hakosi kitu kule. Sote tulijua machimbo ni nini: wanaume wanashuka shimoni kwa kamba, na siku nyingine udongo unawashukia. Mama hakumkataza. Alimfulia nguo, akazikunja ndani ya begi la kijani, akaliweka nyuma ya mlango, na tangu siku hiyo akawa anaupita mlango ule bila kuutazama.

Jioni moja wiki hiyohiyo, redio ilisema mtoto wa kata ya jirani ametumbukia katika kisima kilichoachwa wazi. Majirani walimtoa akiwa hai, mkono umevunjika. Viongozi wakaagiza kila mwenye kisima cha kuchimba kwa mikono akifunike kabla ya mvua za vuli. Nilitafsiri yote kwa bidii, hasa habari ya mkono.

"Wafunike kwa nini?" bibi akauliza.

"Ili watoto wasitumbukie, bibi."

"Sijauliza sababu. Nauliza watafunika kwa kitu gani? Mfuniko unauzwa wapi?"

Nikamwambia redio haikusema. Baba, aliyekuwa ameketi kizingitini, akajibu kwamba watu watatupia bati kuukuu juu yake, basi.

"Bati mtoto akilikanyaga linakunjika," bibi akasema. "Wewe Damiani ni fundi, halafu unaniambia habari za bati."

Baba akainuka, akaingia ndani. Lakini asubuhi nilipokwenda kuchota maji kwa Mama Anisia, mjane aliyekuwa na kisima kilichotumiwa na nyumba karibu kumi, nilimkuta baba amepiga magoti, anapima mdomo wa kisima kwa kamba ya katani.

Mfuniko wa kwanza ulimchukua siku mbili. Ulikuwa wa mbao za mgrevilea, na katikati una mlango mdogo wenye bawaba, wa kupitishia ndoo. Aliulaza juu ya matofali uani, akapanda, akaruka mara tatu kwa miguu yote miwili huku mama akisema atavunjika kiuno kwa ujinga. Haukulia hata kidogo. Ili mbao zisioze akazipaka oili chafu ya gari juu na chini, kama tulivyozoea kupaka nguzo za uzio. Mama Anisia akaufurahia, akaita majirani waje kuutazama.

Siku ya sita alikuja kwetu akiwa na maji kwenye bakuli. "Fundi, onja haya."

Baba akaonja, akatema.

"Yana ladha ya pikipiki," Mama Anisia akasema. Hakusema kwa ukali, na nadhani hilo ndilo lililomuumiza baba zaidi. Walipokwenda kuutoa, wakakuta pia mvuke wa maji umekwishazipinda mbao, mlango mdogo haufungi. Baba aliubeba kichwani hadi nyumbani, akauegemeza kwenye migomba. Kulipokucha alichukua begi la kijani.

"Naenda Biharamulo," akamwambia mama.

"Haya. Nenda salama," mama akajibu.

Tulimtazama akishuka kuelekea barabarani. Simu hatukuwa nayo. Mama alirudi ndani akaanza kufua mapazia ambayo hayakuwa machafu.

Siku ya kwanza na ya pili zilipita. Shuleni mwalimu aliniuliza mara mbili kama naumwa. Jioni ya siku ya tatu redio ikatangaza kwamba shimo la wachimbaji wadogo limeporomoka na watu wanaendelea kufukua. Majina hayakutajwa. Mama alikuwa jikoni, sufuria inachemka kwa kelele, hakusikia. Bibi aliacha kuchambua, akanigeukia.

"Wamesema nini?"

"Wamesema mvua zitachelewa," nikajibu.

Sijui kama aliniamini. Aliipunguza redio sauti mwenyewe, akarudia maharage yake bila kuniuliza swali lolote. Kwa bibi, kutouliza lilikuwa jambo kubwa. Usiku ule nililala nimeukumbatia ule uongo wangu, nikiogopa kwamba nikiulegeza tu, baba atakuwa mle shimoni kweli.

Kesho yake nilikuwa natoka shule na wenzangu. Pale tunapoiacha barabara kubwa kulikuwa na mzigo wa mbao ngumu nyekundu, zimefungwa kwa mpira, na juu yake ameketi mtu anatafuna hindi la kuchoma. Alikuwa baba. Nilisema "Shika—" na "moo" haikutoka. Nikalia mbele ya darasa zima.

"Mbona unalia? Kwani mbao ni mbaya?" akaniuliza, kisha akaliweka hindi chini, akanivuta kwake. Shati lake lilinuka moshi na jasho la safari. Nilimshika mikono yote miwili, nikaigeuza nikitafuta udongo wa shimoni chini ya kucha. Haukuwapo.

Alituhadithia nyumbani, sote tumekaa chini. Alipofika Biharamulo alikwenda sokoni kwa wauza mbao kutafuta mti usiopinda kwa unyevu, ambao hauhitaji oili. Akiwa anabishana na muuzaji, mteja mwingine, Mzee Masanja, Msukuma mfugaji aliyehamia huko kutoka Shinyanga, alimuuliza mbao hizo ni za kazi gani. Kumbe ndama wake alikuwa amefia kisimani mwezi uliopita, na wenzake wengi wana visima vilivyo wazi. Akamchukua hadi kwake, akampa mahali pa kulala na msumeno wa kuazima, na baba akamtengenezea mfuniko hapohapo. Majirani walipouona wakataka na wao, wakampa kianzio, ndicho alichonunulia mbao zile. "Nimejifunza hata salamu ya asubuhi ya Kisukuma," baba akasema, akampigia bibi goti. "Mwangaluka!" Bibi akampiga na ungo begani, macho yamemjaa maji.

"Ungesema unakwenda kutafuta mbao," mama akamwambia.

"Ningesema, ungeniamini?"

Mama akafikiri. "Hapana."

Wakacheka wote wawili, na mama akalimimina begi lile kitandani, akaenda kuhifadhia humo mbegu za maharage. Mimi nilimweleza bibi kwamba juzi nilimdanganya. Akasema alijua, maana redio haijawahi kusema habari ya mvua kwa sauti ya msiba.

Mvua za vuli zilipofika, kisima cha Mama Anisia kilikuwa na mfuniko wa mbao nyekundu, visima vingine vya kwetu vilikuwa vimefunikwa, na baba alikuwa akienda Biharamulo na kurudi, mwezi baada ya mwezi.

Leo ninaishi Biharamulo mjini. Ninakodisha maturubai ya kuanikia mahindi, kazi niliyoianza baada ya kusikia kwenye habari za hapa kwamba wanunuzi wanayakataa mahindi ya wakulima kwa sababu ya mchanga. Siku hizi habari zinaingia kwenye simu tangu asubuhi, nyingi za watu wa mbali, na kabla sijaimaliza moja nyingine imeisukuma. Zamani tulikuwa na taarifa moja ya jioni, nami niliigeuza sentensi kwa sentensi mpaka ikawa ya kwetu. Sitamani kurudi kule. Uoga wa zile siku nne za kumsubiri baba simwombei mtoto yeyote. Ila naona tulisikia kidogo na tukasikia vizuri.

Bibi alikwishafariki, kitandani kwake, amezeeka vya kutosha. Mwezi uliopita baba alikuja kunitembelea. Alitaka kuliona kwa karibu boma la kikoloni la Wajerumani lililo kilimani, maana miaka yote ile alilipita tu akikimbilia sokoni. Alipanda kile kilima akiwa amembeba mwanangu mabegani, akizungumza njia nzima. Mimi niliyekuwa nyuma yao ndiye niliyeomba tupumzike.