Kamba ya Pazia

Miaka thelathini na mmoja Damodar alikuwa mshika kamba ya pazia katika hekalu moja la Vrindavan, India, na muda wote huo alimwona mungu wake Krishna, sanamu iliyokaa kitini nyuma ya pazia hilo, kwa jicho la pembeni tu. Kazi yake ilikuwa kuwatazama watu. Alifungua pazia, umati ukapaza sauti, maua yakaruka. Akahesabu pumzi kumi na tano, akafunga. Kisha akafungua tena. Pale mjini hata mtoto anayenyonya anajua sababu: Krishna wa hekalu hilo ana moyo mwepesi. Ukimkazia macho ya mapenzi kwa muda mrefu, atashuka kitini akufuate kwenu. Aliwahi kufanya hivyo zamani, akakutwa njiani kwenye gari la ng'ombe la mama mmoja mgeni, na kumrudisha ilikuwa kazi ya kubembeleza kweli kweli. Wageni hucheka wakisikia hayo. Wacheke tu.

Sasa mkewe Damodar, Kesar, alikuwa akipoteza macho. Dunia yake ilikuwa ikiliwa kutoka pembeni kama chapati mkononi mwa mtoto, na daktari alishasema kilichobaki hakitafika sikukuu ya rangi. Miwani aliyopewa ilinyakuliwa na tumbili siku ileile.

"Baba Lalita," alisema asubuhi moja akikanda unga, "sijawahi kukuomba kitu cha hekaluni. Hata ua."

"Haya, sema."

"Leo usilifunge pazia upesi. Niache nitazame mpaka nishibe."

"Una wazimu wewe? Akikufuata huku tutamlaza wapi, juu ya gunia la viazi?"

"Akija tutabanana."

Damodar alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Habari ile aliiamini kwa moyo wote. Mji mzima ulikula kwa mkono wa Krishna yule. Lakini huyu naye alikuwa Kesar. Alikwenda kazini.

Saa tatu akamwona, amebanwa kwenye nguzo, sari yake ya manjano imelowa maji ya waridi. Moshi wa ubani ulikuwa mzito hata watu walionekana kuelea. Damodar akavuta kamba. "Radhe! Radhe!" hekalu likanguruma kwa jina la mpenzi wa Krishna. Akahesabu kumi na tano. Ishirini. Arobaini. Hakufunga. Kelele zikafifia, watu wakabaki midomo wazi, wengine wakilia polepole, na ilikuwa kama wote wanaota ndoto moja.

"Damodar!" kuhani mkuu alifoka. "Pazia, wewe! Unataka kutuachia kiti kitupu?"

Damodar akamtafuta Kesar aone kama ameshiba. Macho yake hayakuwa kwenye kiti cha Krishna. Yalikuwa kwake yeye Damodar, kwenye mvi zake, masikio yake makubwa, mkono wake ulioshika kamba, yakimpitia taratibu kama ya mtu anayekariri sala. Hakupepesa hata mara moja. Damodar akaona haya kama bwana harusi, na machozi yakamtoka mbele za watu.

Akafunga pazia. Akamkabidhi mwenzake kamba, akashuka ngazi, akapenya umati mpaka kwenye nguzo, akamshika mkewe mkono.

"Mbona umeshuka?" Kesar aliuliza. "Na kazi je?"

"Si umenitazama mno," akasema. "Twende nyumbani."