Mzee Onyancha kwenye Mlango wa Altare

Lydiah alisomea uchoraji Nairobi, kisha akafika Dallas akawa muuguzi kama kila mtu. Siku za kazi aliwaogesha wazee. Siku za mapumziko alichora. Mwalimu wake alikuwa mchoraji wa Kijerumani aliyekufa zaidi ya miaka mia tano iliyopita bila kuacha hata jina, ila picha za altare ndani ya kitabu kilichotupwa na maktaba. Lydiah alimpenda kwa kuwa hakumwogopa mtu. Malaika wake walikuwa na pua nyekundu kama wenye mafua, na motoni aliwatia maaskofu bila kuwavua kofia. Matajiri waliotoa mbao za kuchorea picha aliwachora pia, lakini wamepiga magoti kwenye kona, wadogo kama paka.

Wakenya Wakatoliki wa Mesquite, kitongoji cha Dallas, walipotaka picha ya altare, mbao zilitolewa na mwenyekiti wa kamati, Mzee Onyancha, mwenye malori. Alikuja kukagua mchoro wa kwanza.

“Dada Lydiah, huyu paka ni nani?”

“Ni wewe, Mwenyekiti. Unasali.”

“Mimi husali nikiwa mkubwa. Niweke pale karibu na Petro.”

“Petro alisulubiwa kichwa chini.”

“Na mimi nimetoa mbao. Usiponiweka vizuri, zinarudi kwangu nitengeneze kabati.”

Wengine wangemchora tu kati ya mitume, wakajitetea kwamba ni siasa za kanisa. Lydiah alitaka sana kazi yake ipande altareni, lakini si kwa kumpa mwenye malori kiti cha mtakatifu. Tena kazini alikwisha kuwavua nguo na kuwaogesha wakubwa wengi, hata hakuweza tena kuwatetemekea.

“Altare za Mjerumani wangu zilikuwa na milango,” alisema. “Siku za kawaida hufungwa, na nje huwa na picha za kijivu. Nitakuchora hapo nje, mrefu kama ulivyo. Lakini sikukuu milango hufunguliwa, Mwenyekiti, ndani ionekane.”

“Hapo nje, mbele kabisa? Kila anayeingia ananiona mimi kwanza?”

“Siku za kawaida.”

“Sasa si ungesema mapema!”

Kwaresima nzima Onyancha alisimama altareni na kitambi chake cha kijivu, na Onyancha mwingine akaketi kiti cha mbele akimtazama. Pasaka akaita ukoo wote wa mkewe kutoka mji wa Stafford.

Wimbo wa Utukufu ulipoanza kengele zililia, Padre Modestus akafungua milango. Yesu akatoka kaburini katika dhahabu, na akina mama wakapiga vigelegele.

“Shemeji, mbona hatukuoni?” aliuliza mgeni mmoja.

“Ameelekezwa ukutani,” alijibu Kathure, mke wa Onyancha, bila kuacha kupiga makofi.

Baada ya Misa Onyancha alimfuata Lydiah. “Dada, huo mlango hauwezi kurudishwa kidogo?”

“Mpaka Pentekoste ipite. Au mrudishe Yesu kaburini mwenyewe, wageni wakiona.”

Onyancha alitazama dhahabu, akawatazama wageni, na la kabati hakulitaja tena. Aliwapeleka shemeji zake nyuma ya altare, mmoja mmoja, waingize kichwa kati ya mlango na ukuta. Waumini waliobaki kusali waliona makalio tu.