Nguo ya Mjane Isiyo na Mshono

Nilimsikia kabla sijamwona. Nilikuwa nimeinamia cherehani, namlalamikia mwenzangu Mkenya kwamba uzi umeniishia na hakuna anayejali, sauti ya mwanamke ikaja kutoka mlangoni, Kiunguja kitupu: "Nyie wanangu, nyie wa wapi nyie?"

Tuliinua vichwa. Alikuwa bibi wa Kihindi, mwembamba, amevaa sari ya pamba rangi ya majivu, miwani ikimning'inia kifuani kwa kamba. Karakana yetu iko Al Quoz, hapa Dubai, kati ya gereji na ghala la vigae, na wateja wetu wengi hawafiki. Hutuma picha kwa simu, kisha hutuma dereva. Huyu alikuja mwenyewe kwa teksi.

"Shikamoo, Bibi," nilisema, nikasimama.

Akasahau alichokuwa anataka kusema. "Marahaba," akajibu taratibu. "Marahaba, mwanangu. Sijui mara ya mwisho ni nani aliniamkia hivyo."

Alizaliwa Unguja. Baba yake alikuwa muuza vitambaa mwenye asili ya Gujarati. Waliondoka yeye akiwa msichana, akasoma India, akaolewa na mtu ambaye naye aliuza vitambaa, wakahamia Dubai, na hapa akafundisha historia mpaka akastaafu. Wanawe wawili wa kiume walikuwa nchi za baridi. Sasa wanafunzi wake wa zamani, wanawake watu wazima wenye watoto wao, walikuwa wanaandaa onyesho kwenye ukumbi wa shule. Wangepita mbele ya watu mmoja mmoja, wamevaa kama wanawake wa mji wa bandari wa Gujarati wa miaka mia tano iliyopita, na yeye angeeleza kila vazi. Sisi tushone.

Mwajiri wetu alifurahi kupata kazi, lakini hakuipenda kazi yenyewe. Alizoea mavazi ya sherehe za hoteli, ya kung'aa na ya haraka. Bibi hakutaka cha kung'aa. Hakutaka zipu wala vifungo, kwa kuwa blauzi fupi za enzi hizo zilifungwa mgongoni kwa kamba. Alitaka pamba iliyopigwa chapa kwa vibao vya mbao, iliyotiwa rangi nyekundu ya mizizi na buluu ya nili. Nguo nyingine hazikuwa na mshono hata mmoja. Ni kitambaa tu, na ujuzi uko katika kukizungusha mwilini.

"Madam, zipu iko ndani, nani ataiona?" mwajiri alimwambia. "Tunatia zipu, khalas, imekwisha."

"Mimi nitajua ipo," Bibi akasema kwa upole. "Na waliovaa nguo hizi hawapo hapa kujitetea, sir. Tukiwavika uongo, hawawezi kutukatalia."

Nilianza kumpenda tangu siku ile, na nina sababu. Mwaka uliotangulia karakana ilipewa kazi ya usiku wa Kiafrika wa hoteli moja. Tulishona sketi za madoa ya chui na shanga zenye umbo la mifupa, wakavishwa wahudumu, wengi wao Wakenya na Waganda, wapitishe vinywaji. Mwenzangu alicheka alipozijaribu. "Aki, my mum akiniona hivi atadhani nimerogwa." Kisha akazivua upesi, akarudi kwenye cherehani yake. Mimi nilipiga pindo za sketi zile zote. Hakuna aliyetuuliza kwetu watu huvaa nini.

Bibi aliuliza kila kitu. Alikuja na picha alizozinakili kutoka vitabu vya kale vya dini, watu wadogo wenye pua kali na jicho moja limetokeza nje ya uso, kama walivyochora enzi hizo, akawa anaweka kidole: shela hii imeanzia wapi? Mkunjo huu uko mbele au kando? Mahali picha haikuonyesha, alisema hajui. Mama mmoja alileta mashada ya yale maua ya njano ya harusini. Bibi akayanusa, akamshukuru, akamweleza kwamba maua yale wakati huo yalikuwa bado hayajafika India, akamwomba asumini. Na palipokuwa na picha ya mwanamke asiye na nguo kifuani, hakumwambia mtu yeyote aige. "Nitaisema kwa mdomo," alisema. "Ukweli haunilazimishi kumvua mtoto wa mtu."

Mara mbili nilimpelekea nguo nyumbani kwake, Al Muraqqabat, ghorofa ya juu ya duka la masanduku. Mumewe alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, na mtungi wa oksijeni ubavuni. Hakujua Kiswahili zaidi ya salamu na majina ya vitambaa. Nilipomwekea pamba mapajani, aliisugua kati ya vidole, akafumba macho, akasema, "Kaniki?" Nilicheka. Nikamwambia Bibi kwamba nyanya yangu alivaa kaniki shambani, nguo nyeusi ya buluu, ikachuja mpaka ikawa kama moshi. Bibi akamtafsiria. Mzee akasema neno refu kwa Kigujarati.

"Anasema kaniki ya nyanya yako ilitoka kwao," Bibi akaniambia. "Anasema huenda babu yake ndiye aliyeiuza. Usimwamini, anajipendekeza."

Lakini alimwangalia mumewe namna ambayo ilinifanya nigeuze uso.

Shida ilikuja kwenye vazi la mwisho. Bibi alitaka mjane apite. Katika nyumba za wafanyabiashara wa mji ule, alisema, mjane aliachana na rangi nyekundu, akavua bangili, akavaa kitambaa cheupe kisicho na pambo. Si wajane wote wa India, wala si mahali pote, na hilo angelisema waziwazi. Lakini mji wa bandari, wenye mabaharia na magonjwa, usiokuwa na mjane ulikuwa mji wa uongo.

Hakuna aliyekubali kulivaa. Mmoja alikuwa na mchumba. Mwingine mumewe alikuwa safarini. Mama wa tatu alisema kwa heshima kabisa, "Mwalimu, tunakuelewa, lakini nguo hiyo haijaribiwi."

Bibi hakubishana nao. Walipoondoka alibaki karakana, ameshika kile kitambaa cheupe. "Wana haki," alisema. "Siwezi kumtia mtu hofu kwa ajili ya somo langu. Nitakivaa miye."

"Bibi, na mzee yuko hospitali?"

Maana juma lile alikuwa amelazwa.

"Miye si mtu wa kuamini mikosi," akasema, lakini alikuwa anakikunja na kukikunjua kile kitambaa.

Sijui kilichonifungua mdomo. Nilimwambia, "Nipe mimi. Mimi ni mjane tayari."

Alivua miwani. Karakana nzima hakuna aliyejua isipokuwa mwenzangu Mkenya. Mume wangu alifariki Muheza kwa ugonjwa wa figo, mimi nikiwa hapa Dubai natafuta pesa ya matibabu yake. Alizikwa siku hiyohiyo, kama desturi yetu ilivyo. Shemeji aliniwekea simu karibu na kaburi nisikie dua, nikasikia upepo tu na mtu akikohoa. Kwetu mke akifiwa hukaa eda, miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba, bila manukato wala mapambo, na wanawake wenzake humjia, humkalisha, hulia naye. Mimi siku ya tatu nilipanda basi la kampuni kutoka makazi yetu ya Al Qusais nikaja kushona gauni la dhahabu la harusi. Mkataba ulikuwa hivyo. Eda yangu ilipita juu ya cherehani, miguu ikikanyaga, vipande vya kung'aa vikininata mikononi.

Nilimweleza yote hayo nikiwa nimesimama. Aliposikia mpaka mwisho alinishika kiganja.

"Mwanangu, nguo hii siwezi kukupa," alisema. "Si kwamba nakunyima. Hii ni huzuni ya nyumba ya watu wengine. Nikikuvika, nitakuwa nimekufanya wewe uigize, na huzuni yao nimeiazima bila ruhusa. Lakini katika mji ule walikuwamo watu wa kwenu. Hilo limeandikwa: Wahabeshi, watu wa pwani, mabaharia, askari. Na waume zao walikufa, na wanawake walibaki."

"Walivaa nini?"

Alifikiri sana. "Sijui. Sijaona picha hata moja ya mwanamke wao aliyefiwa. Nikikutajia vazi, nitakudanganya."

Nilidhani nitaumia kusikia hivyo. Badala yake nililia, kwa mara ya kwanza mbele ya mtu, kwa sababu hata mimi, kama wanawake wale, nilifiwa na hakuna aliyeniona.

Mzee alifariki kabla ya onyesho. Alichomwa kwa desturi ya kwao, na wanawe wakawahi kufika. Siku ya pili Bibi alinipigia. Aliongea kama mtu anayesoma kwa shida. "Niletee ile nyeupe."

Niliomba ruhusa, nikaipata nusu siku. Nilipofika Al Muraqqabat, viatu vilikuwa vimejaa mlangoni. Mkwe wake alinipokea, akaona kifurushi, akaninong'oneza kwa Kiingereza kwamba siku hizi hawavai hivyo, kwamba mama asijitese. Nilimjibu kwamba nimeagizwa na mwenyewe.

Bibi alikuwa amekaa sakafuni, juu ya shuka, kati ya wanawake. Nilimpa. Alikifungua kitambaa magotini, akakipapasa kama mzee alivyokuwa anapapasa pamba. Kisha akakikunja tena, mkunjo juu ya mkunjo, akanirudishia.

"Kiondoe," alisema. "Nilikichagua mwenyewe, nikapima urefu, nikawaambia watu mjane alikuwa hivi na hivi. Sikujua neno. Sikujua lolote, mwanangu."

"Bibi, ulijua kitambaa," nilisema.

Alilia bila sauti. Nilitaka kuondoka, hii ilikuwa nyumba yao na huzuni yao, lakini alinishika upindo wa baibui. "Kwenu mngekaaje? Katika hiyo eda?"

"Chini, kwenye mkeka. Hivyo ulivyokaa."

"Basi kaa."

Nikakaa kando yake. Walikuja wageni mmoja mmoja, wanawake wa Kigujarati waliovaa rangi za kufifia, wakiinama mbele yake na kuunganisha viganja. Kila mmoja alipomaliza kumpa pole, Bibi alimwambia maneno machache akinielekezea mkono. Sikuelewa. Niliona tu kwamba yule mwanamke anageuka kwangu, anainama vilevile, ananishika mabega au mikono. Mmoja, mzee sana, alinibusu kipaji cha uso. Baada ya wa nne hivi nilimuuliza Bibi anawaambia nini.

"Nawaambia huyu naye amefiwa, na hakuna aliyemjia."

Nilikaa mpaka jua likakaribia kuzama. Watu nisiojua majina yao walinilipa kilio nilichokikosa, katika lugha nisiyoijua, na mume wangu alikuwa na mwaka na zaidi ndani ya udongo.

Onyesho liliahirishwa, kisha likafanyika. Bibi hakutaka mjane apite. Alisimama na karatasi yake, akaeleza kila vazi kwa sauti iliyopungua, na zamu ya mwisho ilipofika alisema kwamba hapa angepita mwanamke aliyefiwa, na nyuma yake mwanamke wa Kiafrika aliyefiwa, na kwamba hatawaonyesha. Akaomba watu wakae kimya kidogo. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na pini mdomoni. Nilisikia viti vikilia, kisha hata viti vikanyamaza. Mwajiri wetu aliyekuja kuangalia kazi alinong'ona, "Mbona hakuna kitu?"

Wana wa Bibi walimchukua kwao mwaka huohuo. Nyumba ya Al Muraqqabat ilifungwa, vitambaa vya mzee vikagawiwa. Alinipa kipande cha pamba ya nili, na hakuniambia nikifanyie nini.

Hunipigia Jumapili, siku yangu ya mapumziko. Huko aliko theluji inafika kwenye dirisha, wajukuu wanasema Kiingereza tu, na kumbukumbu yake inapungua. Mwanzoni alikuwa ananiuliza juu ya kazi. Siku hizi hukwama katikati ya sentensi, anatafuta neno la Kiswahili halipati, anakasirika.

"Sema weye," huniambia. "Sema lolote. Miye nasikiliza."

Basi namweleza ninachoshona juma hilo, joto la Al Qusais, mwenzangu Mkenya aliyerudi kwao kuolewa. Mara nyingine hukaa kimya muda mrefu hata nadhani simu imekatika, nikauliza, "Bibi, upo?" Na yeye hujibu kwa mbali, "Nipo. Endelea."