Panya Mlangoni kwa Mama Zefania

Nilipokuwa mtoto Kinampanda, mwaka ule tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa na nyumba zikapangwa mistari, panya walianza kufa ndani. Walianguka kutoka paani mchana kweupe, wakajiburuta hadi kwenye mafiga, damu ikiwatoka puani. Hadi leo sijaisahau harufu yao.

Bibi yangu, aliyenilea, alikuwa na jibu.

"Panya hafi ndani bila kutumwa," alisema. "Na kilichotumwa hurudishwa kwa mwenyewe."

Mwenyewe, mtaa mzima ulikubaliana, ni Mama Zefania, mjane aliyeletwa kutoka Misigiri, asiye na ndugu pale. Kosa lake ni kwamba nyumbani kwake hapakuwa na panya. Alifuga paka wawili.

Asubuhi moja wanawake waliwazoa panya kwa ungo wetu, wengine bado wana joto, wakawamwaga mlangoni kwake. Mimi nilikuwa nimeshika kanga ya Bibi. Mama Zefania alifungua, akatazama chini, kisha akamtazama Bibi.

"Shikamoo, mama."

Bibi hakuitikia. "Uchawi wako utakuua mwenyewe," alimwambia.

Mama Zefania akainama, akaanza kuwaokota kwa mikono.

Siku chache baadaye alivimba mitoki kinenani na kwapani, homa ikamlaza. Mwanawe Zefania, wa rika langu, alipita nyumba kwa nyumba akiomba mtu wa kumsaidia kumfikisha zahanati. Kila mlango ulifungwa, na wa kwetu pia. Mama yake akafa.

"Si nilisema?" Bibi aliuliza, na watu wakamheshimu zaidi.

Kisha akaja bwana afya na bomba la dawa. Alipofika kwetu alieleza kwamba ugonjwa ule ni tauni, na kwamba panya akifa, viroboto humhama na kutafuta mwili wenye joto. Bibi aliendelea kuchambua mlenda.

Ukubwani nilisoma jinsi tauni ilivyofagia miji na vijiji vya Uingereza zamani: wagonjwa wakafungiwa ndani pamoja na wazima, paka wakauawa, wageni wakafukuzwa. Wenzangu darasani walicheka ujinga wa Wazungu wa kale. Mimi sikuweza kucheka.

Bibi nilimpenda, na nilimzika kwa machozi. Lakini utabiri wake unanitia kinyaa kuliko wale panya, kwa sababu ulitimia kwa mikono yetu wenyewe. Na ungo ule Bibi aliusuuza tu kwa maji, akaendelea kupepetea mtama wetu.